Matembezi ya historia mjini Malindi: Wagiriama chini ya ukoloni

Matembezi haya ya saa tatu, yanayoanzia kwenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani wa Wagiriama wa pwani ya Kenya dhidi ya Waingereza, yana sifa moja ambayo sijaikuta kwa waongozaji wengine: yanaeleza yaliyotokea katika upinzani huo mwaka 1913 na 1914, na pia jinsi wanahistoria walivyoyajua. Mwongozaji wetu alianza na taarifa za maofisa wa Kiingereza, ambamo kukataa kodi ya nyumba na kazi ya vibarua mashambani kunaonekana kuwa ukaidi mtupu uliochochewa na mwanamke mmoja. Kisha akaonyesha jinsi watafiti wa baadaye, akiwemo Cynthia Brantley ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1981, walivyozisoma nyaraka hizo sambamba na masimulizi ya wazee, hata viapo, kaya (makazi matakatifu ya jadi yaliyozungukwa na msitu) na biashara ya Wagiriama wenyewe vikapata uzito wake. Alipofikia habari ya Waingereza kuilipua kaya kuu kwa baruti mwaka 1914, sote tulinyamaza.

Mji mkongwe ulipitwa haraka mno, ingawa hilo halikunisumbua. Kilichoniuma ni kijitabu cha wageni kuandikwa kwa Kiingereza pekee, ilhali watu wanaosimuliwa humo wana wajukuu wao papa hapa mjini, na ndio wanaopaswa kukisoma kwanza. Nashauri mwende asubuhi na mapema, kabla ya jua kali, na mwombe kusimuliwa habari za viapo kwa Kigiriama, kwani mwongozaji anakimudu vyema.