Gari la spoti lililochoka: kabla ya Altezza, Subaru au RX-8, fungua rejeta

Malalamiko ya walionunua magari ya spoti ya zamani yanafanana mno. Gari limenunuliwa linang'aa, ekzozi inaunguruma vizuri, rimu zimepigwa rangi. Wiki chache baadaye, kwenye foleni ya Ubungo au ya Thika Road, mshale wa joto unapanda. Fundi wa njiani anaongeza maji, safari inaendelea, na kabla mwezi haujaisha hedi, yaani kichwa cha injini, iko mezani inasubiri kupelekwa mashineni. Hapo mtu anaapa kwamba Subaru ni mbaya, au Mazda ni mbaya. Mara nyingi injini haikuuawa na chapa yake. Iliuawa na maji ya bomba ndani ya rejeta, na themostati iliyotolewa na kutupwa zamani na fundi aliyedhani anasaidia.

Ndiyo maana sianzi na kilomita za dashibodi, ambazo hurudishwa nyuma kila siku, wala rangi, wala nguvu za farasi. Gari la spoti lenye miaka ishirini lililotelekezwa nalipima kwanza kwa jinsi lilivyokuwa likipozwa. Mengine yote yana dawa kwa bei inayovumilika.

Themostati ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wa kufanyia kazi. Kwenye injini za Subaru za EJ huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na kwenye 91 inakuwa wazi kabisa. Gari likichemsha, fundi mvivu hatafuti sababu. Anaitoa. Joto linashuka, mteja anafurahi, analipa. Kumbe kompyuta ya injini sasa inasoma kwamba injini ni ya baridi muda wote, inamwaga petroli zaidi, petroli ile inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika. Tena kwenye injini nyingi za Kijapani themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye barabara kuu gari linakuwa baridi kupita kiasi, kwenye foleni ya mchana linachemsha tena, na hapo fundi anaunga feni moja kwa moja na swichi.

Maji matupu ni ubaya wa pili. Kulanti halisi, yaani dawa ya kupoozea injini, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, inazuia kutu na inalainisha sili ya pampu. Maji ya kisima cha Dar es Salaam yenye chumvi yanakula aluminiamu ya hedi kuzunguka matundu ya maji, palepale gasketi inapokaa. Kifuniko cha rejeta nacho hakuna anayekiangalia. Kile kilichoandikwa 1.1 kinashikilia presha inayopeleka kiwango cha kuchemka cha maji hadi karibu nyuzi 120. Springi yake ikichoka, maji yanachemka kwenye 100 ukiwa pwani, na kwa mwinuko wa Nairobi kwenye takriban 94, yaani nyuzi chache tu juu ya pale themostati inapofunguka yote. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote humu, na kimeua injini nyingi.

Ukaguzi ufanywe asubuhi, injini ikiwa haijawashwa. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Ukikuta vuguvugu, muuzaji ameshaiwasha ili usione moshi wa kwanza wala usifungue kifuniko. Omba kurudi kesho. Ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta na uingize kidole. Rangi safi ya waridi, nyekundu, kijani au buluu ni dalili njema. Maji meupe matupu maana yake mtu amekuwa akiongeza kila wiki. Tope la kutu linamaanisha miaka ya maji ya bomba. Utando wa mafuta, au kifuniko cha oili chenye kitu kama chai ya maziwa, funga boneti uage.

Kisha washa, huku umeshika mipira miwili mikubwa ya rejeta. Themostati ikiwepo, mmoja unabaki baridi kwa dakika kadhaa halafu unapata moto ghafla: wa juu kwenye injini ambazo themostati iko njia ya kutokea maji, wa chini kwenye zile za njia ya kuingilia kama Subaru. Ikipata moto yote miwili polepole, kwa pamoja, tangu mwanzo, ndani hamna themostati. Washa AC uone kama feni inaitika, na fuata nyaya zake mpaka kwenye rilei. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa selotepu nyeusi una historia ya kuchemsha ambayo hutaambiwa. Mwisho, fundi mwenye chombo cha kupima gesi kwenye rejeta akijaze dawa yake ya buluu. Ikigeuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji na gasketi imekufa.

Sasa magari yenyewe, kuanzia ninalolipendekeza bila kusita.

1. Toyota Altezza AS200

Nina upendeleo kwa Toyota na siuombei radhi. Altezza iliuzwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005, na nje ikaitwa Lexus IS. Wengi hukimbilia RS200 kwa sababu ya farasi 210. Anayeishi na gari kila siku achukue AS200 yenye injini ya 1G-FE, silinda sita, lita mbili, farasi 160. Injini hiyo ndiyo iliyo ndani ya Mark II GX110 zinazojaa mitaani, kwa hiyo pampu ya maji, themostati, sensa na koili zinapatikana Kariakoo bila kuagiza kitu, na fundi yeyote wa Mark II anaijua gizani.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa kuwa kilomita hazijulikani, ubadilishwe mara moja ukishanunua, na usikubali mkanda peke yake. Tensheni, roli, pampu ya maji, na sili za oili za krenki na kamshafti viende pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile. Pampu ya zamani ikivuja miezi mitatu baadaye unalipa ufundi mara mbili, na maji yake yanauharibu mkanda mpya. Plagi ni sita. Rejeta ina tenki la plastiki juu. Likibadilika kuwa kahawia karibu na shingo ya mpira, litapasuka, na kwa kawaida hupasuka likiwa na moto. Ya otomatiki inapoozea oili ya gia ndani ya tenki la chini la rejeta hiyohiyo, basi kutu ikitoboa humo, maji yanaingia kwenye gia boksi na unapoteza viwili kwa mpigo.

Ugonjwa wake nje ya injini ni bolijointi za chini za mbele. Nyanyua gurudumu, lisukume juu na chini kwa mtaimbo. Ukisikia mlio, usiliendeshe hata kurudi nyumbani, kwa sababu ikichomoka gurudumu linalala. Ya manyuo, yaani ya kubadilisha gia kwa mkono, ina gia boksi ya Aisin ya gia sita, ileile iliyowekwa kwenye Nissan Silvia S15; ingiza gia ya pili na ya tatu ikiwa bado baridi. Ikikwaruza, sinkronaiza zimekwisha, na gia boksi ya mtumba huenda imechoka vilevile.

RS200 ni tamu, lakini injini yake, 3S-GE ya VVT-i mbili, ina mgandamizo wa 11.5 kwa 1 na iliundwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani. Spea zake nyingi haziingiliani na Toyota za kawaida. Anayeitaka awe na gari lingine la kwendea kazini.

2. Subaru Impreza WRX

Kenya ina mafundi wa Subaru wanaozidi wa nchi nyingi jirani, na hiyo ndiyo inayoipandisha hadi namba mbili. Kasoro yake kwangu ni kwamba haisamehi hewa ndani ya maji. Injini imelala, kwa hiyo hewa inajificha, na gari linachemsha huku rejeta ikionekana imejaa. Kujaza kuna utaratibu: legeza skrubu ndogo ya kutolea hewa juu ya rejeta, mimina polepole kupitia tenki la chuma lililo karibu na turbo, funga skrubu maji yakitoka bila mapovu, washa na hita ikiwa kwenye moto wa mwisho, subiri feni zizunguke mara mbili, acha ipoe, ongeza. Za turbo zina vifuniko viwili na havibadilishani nafasi, lakini baada ya kila usafishaji wa gereji mbovu utavikuta vimebadilishana. Themostati iwe ya kampuni yenyewe, kwa sababu za bandia huja na uwazi mdogo na gari linachemsha likipigwa resi.

Mkanda wa taimingi unaendesha pampu ya maji, na ukikatika valvu zinagonga pistoni. Kuubadilisha hakuna mjadala. Oili lita nne na nusu hivi kila kilomita 5,000. Sikiliza injini ikiwa na moto: panda hadi mizunguko 3,000, achia taratibu. Mlio wa kugonga kutoka chini wakati inashuka ni beringi za konrodi, na hapo injini imeshanoki. Moshi wa buluu na pumzi nzito kwenye tundu la oili huashiria pistoni iliyomeguka kwenye mifereji ya ringi. Zenye AVCS, mfumo wa kubadili wakati wa vali kufunguka, zina vichujio vidogo kwenye bolti za njia ya oili. Vikiziba, turbo inakufa kwa kiu. Tairi zote nne ziwe sawa kwa aina na uchakavu, la sivyo difu ya katikati inaungua.

3. Nissan Fairlady Z (Z33)

Ina cheni badala ya mkanda, na VQ35DE ya miaka ya mwanzo ni injini imara. Angalizo langu ni pampu ya maji: inaendeshwa na cheni hiyo, nyuma ya kava la mbele, lakini hutolewa kupitia kifuniko chake kidogo; fundi asiyeijua anaweza kuanza kupangua kava zima bila sababu. Ya 2007 na kuendelea, VQ35HR ya farasi 313, ina gasketi za njia za oili nyuma ya kava zinazopasuka. Presha ya oili inaanguka injini ikiwa na moto na inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Za 2005 na 2006 zenye mizunguko ya juu zinakula oili. Mota za vioo zinakufa, bushi za mbele zinakwisha, na unywaji wake wa petroli hauna tiba.

4. Mazda RX-8

Haina pistoni. Ina rota mbili zinazobanwa na sili, na ndani kuna mipira ya kuzuia maji ambayo kuchemsha mara moja tu kunatosha kuiua. Mshale wake wa joto unakaa katikati hata joto likishapita kiasi, kwa hiyo dereva anajua baada ya maafa. Mgandamizo upimwe kwa kifaa cha rota, maana cha pistoni kinatoa namba moja mahali panapotakiwa tatu. Chini ya 6.9 (kgf/cm²) kwa kila uso wa rota kwenye mizunguko 250, injini imekwisha. Inachoma oili kwa kusudi, koili zake ni za kubadilisha mara kwa mara, na bila fundi wa rota karibu nawe usiiguse.

Celica na MR-S za Toyota zenye injini ya 1ZZ-FE ni rahisi, lakini za kabla ya 2003 hivi zinakula oili kwa sababu ya matundu madogo kwenye pistoni. Audi TT ya kwanza na BMW za umri huo zina pampu za maji zenye panga la kusukumia maji la plastiki linalomeguka ndani. Bei yao ya chini ni mtego.

Kuhusu wauzaji, imetosha. Dalali anaosha injini kwa presha asubuhi, anapulizia mipira silikoni, halafu anasema, “Kaka, hii ni kupanda na kuondoka.” Injini inayong'aa kwenye gari lenye viti vilivyochanika imeoshwa ili uvujaji usionekane. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Altezza zote za huko zimezeekea hukohuko mikononi mwa watu, lakini bado zinauzwa kwa maneno ya “limetoka Japani safi”. Tanzania unaweza kuagiza la zamani, kodi ya uchakavu ikakuumiza bandarini, na muuzaji wa hapa anaipandisha bei yake kwa kisingizio hichohicho. Madukani nako kulanti nyingi ni maji yaliyotiwa rangi ya kijani, na pampu za bandia zinakuja kwenye boksi lenye nembo kamili. Ya kweli ina nambari na nembo kwenye chuma chenyewe, na panga lake limenyooka bila kingo kali. Duka lisilokuruhusu kufungua boksi, hamia la jirani.

Tenga robo ya bei ya gari kwa kazi za mwezi wa kwanza. Mpangilio ni huu: themostati na gasketi yake, kifuniko cha rejeta, mipira yote ya maji pamoja na midogo ya hita, mkanda wa taimingi kwa magari yenye mkanda, oili na chujio, halafu maji ya breki. Usitumie dawa ya kuziba rejeta. Inaziba na hita pia. Mfumo ulioshinda na kutu usafishwe kwa maji safi, themostati ikiwa imetolewa kwa muda, injini iwashwe mpaka ipate moto, imwagwe ikishapoa, na irudiwe mpaka yatoke meupe. Mara ya mwisho iwe kwa maji yaliyochujwa madini, ndipo themostati mpya irudi na kulanti iingie. Kwa wiki mbili za kwanza, angalia kiwango chake kila asubuhi kabla ya kuwasha.