Wamemnyima Isabella magoti yake

Majuma machache yaliyopita nililipa kiingilio kisicho kidogo kutazama Measure for Measure ya Shakespeare katika ukumbi mmoja hapa London, na hasira niliyotoka nayo haijapoa hadi leo. Sina ugomvi na viti wala na taa. Ninagombana na tendo moja lililokatwa karibu na mwisho, ambalo likiondolewa, tamthilia nzima inageuka kuwa wimbo wa kumsifu mtawala.

Angelo, aliyekaimishwa utawala wa Vienna na mtawala wake, Vincentio, anafufua sheria iliyolala miaka mingi na kumhukumu Claudio kifo kwa kumpa mimba mchumba wake. Isabella, dada yake Claudio, binti anayejiandaa kuwa mtawa, anapokuja kumwombea, hakimu huyohuyo anautaka mwili wake uwe bei ya uhai wa kaka yake. Mwishoni Angelo anaumbuka, na Mariana, mwanamke aliyemtelekeza baada ya mali yake ya ndoa kuzama baharini, anamsihi Isabella apige magoti pamoja naye ili wamwombee Angelo. Isabella anaamini kwamba kaka yake amekwisha kukatwa kichwa kwa amri ya mtu huyo. Hata hivyo, anapiga magoti.

Katika onyesho nililoliona, hakupiga. Mariana alilia peke yake, mtawala akainua mkono, Angelo akasamehewa, mchezo ukaendelea. Kwa muda nilidhani mwigizaji amesahau sehemu yake.

Huyo mtawala Vincentio ni nani hata apewe huruma yote? Yeye ndiye aliyeziacha sheria zilale, akamtupia mwingine kazi ya kuchukiwa, akavaa joho la utawa asilostahili na kusikiliza siri za watu, kisha akamficha Isabella kwamba kaka yake yu hai, akimwacha aomboleze ili faraja ije kwa wakati aupendao yeye. Jina la tamthilia limetokana na Mathayo 7, "kipimo kile mpimiacho, ndicho mtakachopimiwa", na mtu pekee mwenye haki ya kumpimia Angelo anayekataa kufanya hivyo ni yule msichana. Tamthilia iliyochezwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza tarehe 26 Desemba 1604 ilithubutu kuiweka huruma kwa mtu asiye na cheo. Leo, ambapo hakuna mfalme ukumbini, wamemrudishia mtawala.

Baada ya onyesho palikuwa na mazungumzo na watazamaji, nami nikauliza kwa adabu sababu ya kukata sehemu ile. Aliyeongoza mazungumzo alitazama saa yake, akajibu kwamba muda ulibana na kwamba watu wengi hawatambui kilichoondolewa. Maneno ya Isabella pale hayafiki mistari 20! Dansi waliyoichomeka mwishoni, Isabella akitabasamu mkononi mwa mtawala, ilichukua muda mrefu zaidi, ilhali Shakespeare hakumpa Isabella neno hata moja la kuijibu posa ya mtawala huyo.

Nilikusudia kuandika kwamba mtu asiende. Siwezi. Aliyemwigiza Angelo, alipomwambia Isabella kwamba hakuna atakayemwamini, hakupaza sauti. Alikuwa akiinyoosha hati ya hukumu mezani, akiisogeza kwa kidole kimoja mpaka ukingo wake ukalingana na ukingo wa meza. Mama aliyekaa kando yangu aliziba mdomo kwa kiganja. Sijapata kuona unafiki wa mwenye madaraka ukionyeshwa kwa utulivu wa kutisha namna ile, na kwa tukio hilo peke yake ningemwambia kila mtu akate tiketi. Lakini kila ninapokikumbuka kile kidole hasira inarudi upya, kwa kuwa uovu uliochezwa kwa ustadi kiasi kile ndio ungelifanya goti la Isabella liwe zito kuliko kitu kingine chochote jukwaani, nao wametuonyesha uovu wote na kutunyima goti. Basi nendeni, ila tokeni wakati wa mapumziko.