Nta ya mshumaa kwenye majoho ya kwaya: pasi na mfuko wa kaki, uzoefu wangu

Anayetaka kujua nta ya mshumaa ina ukorofi gani aombe kazi ya kutunza majoho ya kwaya, kisha ausubiri Mkesha wa Pasaka. Taa za kanisa zinazimwa, moto unatolewa kwenye Mshumaa wa Pasaka, kila mtu anawasha wa kwake kwa jirani, na mpaka Mbiu ya Pasaka inapomalizika mishumaa imeinama kila upande. Kile kikaratasi cha kukinga nta kinaokoa mkono wako tu, mgongo wa aliye mbele yako hakiujui. Kesho yake naletewa mzigo: majoho ya polista, vitenge vya sare, na mara nyingine kitambaa cheupe cha altare.

Nimepitia karibu kila ushauri wa akina mama wa jumuiya. Kilichobaki mikononi mwangu ni pasi na karatasi ya kaki, na gharama yake haifikii hata chupa moja ya zile sabuni za madoa zinazosifiwa madukani.

Nta ikiwa bado mbichi usiiguse. Ukiifuta unaisukuma ndani ya nyuzi na doa linapanuka. Iache igande, kisha ikwangue taratibu kwa ukingo wa kijiko au kadi ya benki iliyokwisha muda. Kwa joto letu la Dar nta inaweza kubaki laini, na hapo ndipo barafu ina faida: itie kwenye mfuko, iweke juu ya doa, nta ikishakuwa ngumu inabanduka vipande vipande. Lakini barafu inasifiwa kupita kiasi. Inaondoa kile kibonge cha juu tu. Nta iliyokwishaingia kwenye kitambaa haitikisiki. Wapo wanaosema nguo nzima iingizwe kwenye friza. Friza yenyewe ya nani, na samaki watawekwa wapi?

Kazi yenyewe ni ya pasi. Nta ya parafini, ambayo ndiyo ya mishumaa mingi ya dukani, inayeyuka kati ya nyuzi joto 46 na 68 hivi, wakati pasi ya umeme hata kwenye nukta moja, yaani moto wake mdogo, inafika kwenye 110. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuipandisha mpaka mwisho. Tandika kaki chini ya doa na nyingine juu yake, zima mvuke, pitisha pasi kwa sekunde chache, halafu tazama karatasi. Utaona alama kama ya karatasi iliyofungiwa maandazi: hiyo ni nta imehama. Sogeza karatasi, weka sehemu kavu, rudia. Wengi wanaosema njia hii haifai huwa wamepiga pasi palepale juu ya karatasi iliyokwishashiba, na nta ikarudi kwenye nguo.

Kaki zenyewe si tatizo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, duka gani halina mfuko wa kaki? Chagua usio na maandishi, kwa sababu wino nao unayeyuka. Gazeti kwa sababu hiyo silitumii kabisa, hasa kwenye kitambaa cheupe. Karatasi ya chooni inanyonya vizuri ila inachanika na kuacha manyoya. Na pasi ya mkaa siitaki kwenye kazi hii. Joto lake unalikisia, na jivu likidondoka umeongeza doa la pili.

Kwenye kitenge cha pamba naipa njia hii alama zote. Kwenye joho la polista naipa nusu, maana polista haipendi moto: nukta moja, kitambaa chembamba katikati, na mkono usitulie. Ukizidisha, pale penye doa panabaki paking'aa, na mng'ao huo hauna dawa. Joho moja tulilipeleka kwa dobi ili kuokoa muda, likarudi na baka pana jeusi la mafuta. Ilionekana lilipigwa pasi bila karatasi yoyote. Hela yetu ilikwenda, na kaki ikafanya kazi upya.

Kitambaa cha altare cha pamba tupu nakichemsha. Hili nilifundishwa na mama mmoja fundi wa batiki. Wao wanapaka nta kwenye kitambaa kwa makusudi, wanatia rangi, kisha wanakichemsha ili nta itoke. Inaelea juu, inaganda maji yakipoa, wanaikusanya na kuitumia tena. Siri yake ni kukitoa kitambaa maji yakiwa bado moto sana, kwa mti, si kwa mkono. Ukikiacha humo mpaka yapoe, nta inakirudia chote. Maji hayo usiyamwage kwenye sinki, yataziba bomba. Na kama kuna lesi ya nailoni pembeni, usichemshe.

Mshumaa wa rangi ni kesi nyingine. Nta inatoka, wekundu unabaki. Hapo nachukua spiriti ya duka la dawa kwenye pamba, naijaribu kwanza kwenye pindo, halafu nagonga doa kutoka nje kuelekea katikati. Nabadilisha pamba kila inapopata rangi. Dirisha liwe wazi na pasi iwe mbali, maana spiriti inashika moto haraka. Wekundu unafifia sana, ila sijawahi kuuona ukiisha wote. Jiki hapana: inakula rangi ya kitenge na nta inaiacha palepale. Mafuta ya taa yanalainisha nta kweli, lakini harufu yake inakaa, na nguo iliyolowa mafuta ya taa kukutana na pasi ya moto ni ajali inayosubiri siku.

Baada ya yote naosha kwa sabuni ya maji ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kuondoa ule mzunguko wa mafuta. Kabla ya kuanika nainua nguo kwenye mwanga. Palipobaki nta panaonekana tofauti, na hapo narudi kwenye kaki nguo ikishakauka.

Pasi nayo usiisahau, hasa kama ni ya kuazima. Ikiwa bado na joto, ifute chini kwa pamba chakavu, la sivyo shati jeupe la mwenye pasi ndilo litakaloipokea nta iliyobaki.