Sinema au YouTube: filamu ya Kihausa iende wapi?

Mtayarishaji wa filamu wa Kano, jiji la kaskazini mwa Nigeria, akimaliza kuhariri kazi yake, swali ni lile lile: aipeleke ukumbini au aitoe YouTube kama tamthilia? Zamani jibu lilikuwa soko la Kofar Wambai, kwenye maduka ya kanda na baadaye CD, mpaka warudufishaji haramu wakaliua.

Kwa mapato, ukumbi hulipa papo hapo: tiketi imekatwa, hesabu inajulikana. Shida ni kumbi zenyewe. Kano ni jiji la mamilioni, lakini kumbi za kisasa unazihesabu kwa vidole, na ile ya Ado Bayero Mall iko ndani ya jengo la maduka la wenye nazo. Tena kaskazini mwa Nigeria sinema imeonekana miaka mingi kuwa mahali pa wanaume. Mashabiki wakubwa wa Kannywood, yaani tasnia ya filamu za Kihausa, ni wanawake, nao hutazama nyumbani.

Hapo YouTube inashinda bila jasho. Tamthilia ya Izzar So, iliyoanza 2020, hutoka kipande kwa kipande, na Mhausa wa Niamey au Accra anaitazama sawa na wa Kano. Ila pesa ya matangazo huja kwa matone.

Na bodi ya udhibiti wa filamu ya Jimbo la Kano, iliyoundwa 2001? Kote kuwili ipo.

Mwenye nyota wakubwa na filamu moja ya sikukuu ya Idi, ajaribu ukumbi. Mwenye waigizaji chipukizi na subira ya miezi, aanze na tamthilia.