Kinyozi aliyefunga wembe wake: hadithi za Mulk Raj Anand

Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu tangu nilipokuwa na kiti kimoja cha mbao chini ya mwembe, aliniletea kitabu mwezi uliopita kikiwa kimefungwa kwa gazeti. "Fundi," akaniambia, "humu ndani yumo mwenzako." Ni mkusanyiko wa hadithi fupi za Mulk Raj Anand, Mhindi aliyeandika kwa Kiingereza. Ulitoka mwaka 1944, na hadithi iliyoupa jina inahusu vinyozi na chama chao. Mimi nanyoa Ngamiani, hapa Tanga, huu mwaka wa 27. Hadithi nimesoma nyingi, na kinyozi akitokea huwa ananyoa mtu mwingine mwenye mambo yake, kisha ukurasa unageuzwa. Humu nimemkuta kinyozi mwenye mambo yake mwenyewe.

Anaitwa Chandu. Ni kijana wa kijijini, Punjab, enzi za Waingereza. Anayetusimulia ni rafiki yake wa utotoni, mtoto wa tabaka la juu, ambaye mama yake hataki acheze na mtoto wa kinyozi. Lakini Chandu ndiye kiongozi wao: anakamata nyigu, anawaminya sumu mkiani, anawafunga uzi miguuni na kuwarusha, na mwenzake akijaribu anaumwa shavuni. Nilipofika hapo nikajua mwandishi huyu amewahi kumpenda mtoto wa namna hiyo. Baba anakufa, Chandu anarithi kazi: kila asubuhi kuzunguka nyumba za wakubwa wa kijiji na kuwanyoa.

Lazima nieleze kidogo hali ya kinyozi katika vijiji vya kaskazini mwa India, kwa sababu Anand anachukulia kwamba tunaijua. Kinyozi huzaliwa kinyozi. Kwa desturi hakulipwa kila anaponyoa, bali alipewa fungu la nafaka wakati wa mavuno, na kwa fungu hilo alitumikia nyumba zilezile alizotumikia baba yake. Alikuwa pia mshenga, alipeleka habari za harusi na misiba, na alikuwa na shughuli zake katika sherehe za ndoa. Kwa hiyo huyu ni mtu anayeingia kila nyumba, anayejua siri za kila ukoo, na bado ni mtu wa chini. Hili lizingatieni, nitalirudia.

Siku moja Chandu anamwona daktari mjini na kupendezwa na mavazi yake. Naye anajivika kama daktari: kilemba cheupe, koti jeupe, viatu vyeusi vya ngozi, mkoba wa ngozi mkononi. Anakwenda kumnyoa bwana mwenye ardhi, Bijay Chand, akiwa amependeza hivyo. Bwana anapiga kelele. Mtoto wa nguruwe, analeta mkoba wa ngozi ya ng'ombe ndani ya nyumba yao! Toka, kavae nguo zako za kinyozi! Sahukari wa kijiji, yaani mkopeshaji pesa, naye anamtukana, na pandita, kuhani wa Kihindu, vilevile.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nne au tano. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tunalijua neno najisi. Mwalimu wetu wa chuo alitufundisha kwamba hata ile najisi nzito ina dawa yake: utaosha mara saba, moja kwa udongo, basi, kitu kimetwaharika, unakitumia. Najisi anayoisema Bijay Chand haina idadi ya kuosha. Haipo kwenye kitu. Mkono wa Chandu unashika kidevu cha bwana, unamlaza kichwa nyuma, unapitisha wembe kooni, na bwana hasemi ng'we. Mkono huohuo ukibeba mkoba wa daktari, nyumba nzima imechafuka. Ngozi ya ng'ombe ni kweli inawagusa Wahindu katika dini yao, sikatai, na bwana anaitaja hiyo kwanza. Lakini neno lililomtoka mwisho ni lile la nguo. Kijana amevaa kisichokuwa cha kwao. Hilo ndilo lililomwasha.

Anayenyoa wembe kwa mkono ndiye atakayeelewa zaidi. Mteja akishalala na kufumba macho, vidole vyangu viwili viko chini ya taya lake, nahisi mshipa ukipiga. Hapo tajiri na mchukuzi wa bandarini ni sawa, kila mmoja amenikabidhi koo lake. Siku zote nimeona hiyo ni heshima kubwa ambayo mtu humpa mtu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali koo linakabidhiwa kila asubuhi kwa miaka, na heshima haitoki hata kidogo.

Nina kisa changu, nikitaje kwa kifupi. Kuna nyumba moja kubwa niliitwa kumnyoa mzee mgonjwa asiyeweza kuinuka. Nikaonyeshwa mlango wa jikoni. Nilipomaliza, mzee mwenyewe akinishukuru kwa macho, malipo yangu yaliwekwa sakafuni karibu na ndoo, wala si mkononi mwangu. Nimeyakumbuka yale malipo niliposoma. Ila nisijilinganishe na Chandu. Mimi niliamua kutorudi nyumba ile na sikurudi, na kesho yake hakuna mtu mtaani aliyejua. Mwanangu si lazima awe kinyozi. Chandu hana mlango wa kutokea. Yaliyompata yalikuwa yakimngoja kabla hajazaliwa.

Naye afanyeje? Anaacha kunyoa. Hapigani, haendi kwa polisi. Anapata baiskeli, anakwenda kunyoa mjini, na wakubwa wa kijiji wanabaki na ndevu zao. Kurasa hizi ni tamu kupita kiasi. Ndevu zinaota, nyuso zinakuwa vichaka, watoto wanacheka njiani. Bijay Chand ana mke kijana aliyezidiwa naye miaka mingi, na mke anatishia kuondoka. Wanamtafuta kinyozi wa kijiji kingine, wako tayari kuongeza malipo. Lakini Chandu amekwisha zungumza na binamu yake na vinyozi wa vijiji vya jirani, wamefungua duka lao la pamoja. Anayetaka kunyolewa na aje, akae kwenye kiti chao.

Dogo ninayemfundisha kazi alikuwa akinisikiliza nikimsimulia huku anasafisha mashine kwa spiriti. Akauliza, "Mjomba, na wote wakakubali? Hakuna aliyekwenda kunyoa kwa siri?" Sikuwa na jibu, na hapo ndipo manung'uniko yangu yanapoanza.

Chandu anashinda kirahisi mno. Katika kijiji cha kweli mwenye ardhi ana watu wa fimbo, sahukari ana madeni ya kila nyumba, na mama yake Chandu anahitaji kula wakati wa mgomo. Anand anavipitia hivi kwa mbio kwa sababu anataka tucheke, na tunacheka. Mwandishi mwenyewe alizaliwa Peshawar mwaka 1905, akasoma Amritsar kisha London, wala hakutoka tabaka la chini. Aliwapenda watu hawa na kuwatetea maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 2004, na riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1935, ilihusu siku moja tu ya kijana msafisha vyoo. Simlaumu kwa alikozaliwa. Ila msimuliaji wa hadithi ya Chandu ni yule mtoto wa juu, na mtoto wa juu anaona ushujaa wa rafiki yake kama mchezo wa nyigu. Usiku wa Chandu, baada ya kufukuzwa nyumba tatu kwa siku moja, hatuingizwi ndani yake. Nilitaka niingie humo.

Anand alijua pia kwamba ushindi si jambo la kawaida. Ana hadithi nyingine kuhusu fundi viatu mzee, Saudagar, na cherehani ya kushonea viatu. Mtoto anamtia mzee hamu ya ile mashine, mzee anaipata kwa deni, na deni linamfanyisha kazi mpaka linamuua. Mtoto anabaki na hatia yake. Ukizisoma hizi mbili siku moja utaona zinajibizana. Ningependa zipangwe pamoja katika kila kitabu.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Kinyozi ni wa chini, lakini anagusa. Chini yake wako watu ambao hawaguswi kabisa, wale ambao leo wanajiita Dalit. Nani huwanyoa wao? Mwalimu aliponiona nimezama akaniletea kurasa alizotoa kopi, kumbukumbu za B. R. Ambedkar za utoto wake. Ndiye aliyeongoza kamati iliyoandika katiba ya India, ile iliyoanza kazi tarehe 26 Januari 1950, ambayo ibara yake ya 17 inafuta desturi ya kutogusana. Alizaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Mahar, mojawapo ya jamii za hao wasioguswa. Anasimulia kwamba shuleni alikalia kipande cha gunia alichobeba kutoka nyumbani, na bomba la maji hakuruhusiwa kulishika: mhudumu wa shule asipokuwepo wa kumfungulia, siku hiyo hakuna maji. Halafu anasema habari ya nywele. Pale Satara, mji alikoishi utotoni, vinyozi walikuwepo, na pesa ya kuwalipa ilikuwepo. Hakuna kinyozi aliyekubali kumnyoa mtoto asiyeguswa. Aliyewanyoa wavulana wote wa nyumba yao ni dada yao mkubwa.

Nilikiweka kile kikaratasi chini nikatoka nje nikasimama barazani. Wenzangu wa kazi ndio waliokataa. Watu walewale waliotukanwa kwa ajili ya mkoba walikuwa na mtu wao wa kumwambia toka. Na si mambo ya kale tu. Magazeti ya India hadi miaka hii huandika habari za vijiji ambako vinyozi wanakataa kuwanyoa Dalit, au wanafunga duka kuliko kuwanyoa. Nimeirudia hadithi ya Anand baada ya hapo, nikalitazama lile duka la ushirika la Chandu kwa jicho jingine. Kiti kimewekwa, kioo kimetundikwa. Wanaongojwa kuja kukaa ni wakubwa wa kijiji na ndevu zao. Je, msafisha vyoo wa kijiji kile akija na pesa yake, Chandu atamfunga shuka? Hadithi haisemi. Nadhani Anand, aliyemwandika yule msafisha vyoo kabla ya kumwandika Chandu, angeweza kulisema kwa sentensi tatu tu, na hadithi ingekuwa kubwa mara mbili.

Atakayetaka kusikia habari hizi kutoka ndani amtafute Baburao Bagul, aliyeandika kwa Kimarathi. Kitabu chake cha mwaka 1963 kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2018. Hadithi iliyokipa jina inahusu kijana wa kazini anayewaficha wenzake tabaka lake. Wanampenda, wanamkaribisha, kisha wanajua. Humo hakuna kicheko. Ukurasa baada ya ukurasa unaona mtu anavyochoka kuchunga ulimi wake asije akajitaja. Mimi nilikisoma chote usiku mmoja na asubuhi mkono wangu haukutulia, nikampa dogo kazi za wembe.

Kuhusu lugha, msiogope. Kiingereza cha Anand hakina makuu. Matusi, heshima na maneno ya wazee ameyatoa Kipunjabi moja kwa moja, kwa hiyo Mswahili anayafahamu kuliko Mwingereza: mtu akiitwa mtoto wa nguruwe hahitaji kamusi. Niliifungua kamusi zaidi kwa mavazi na vyakula. Hadithi ya Chandu ni fupi, unaimaliza wakati mteja mmoja anapakwa dawa ya nywele na kusubiri ishike. Walimu wa sekondari wangewapa wanafunzi wakaisoma kwa zamu darasani, mmoja Chandu, mmoja bwana, na wakafika kwenye lile swali la dogo wangu wenyewe.

Nampa Anand nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeiweka kwa yule msafisha vyoo ambaye hakuitwa kukaa kwenye kiti.

Kitabu kiko dukani kwangu, kwenye rafu chini ya kioo cha pili, pamoja na zile kurasa za Ambedkar. Ukija unyolewe, utakikuta. Kama huji kunyolewa, kaa tu kwenye benchi usome. Ila usiondoke nacho, Mwalimu amesema anakihitaji Ijumaa ijayo.