Majani mabichi au matunda: maji uyapate wapi?
Kwa wanaokula vyakula vibichi, ubishi ni uleule: maji yapo zaidi kwenye majani au matunda? Kwa kiwango, wanakaribiana. Majani ya saladi yana maji asilimia 95 hivi, spinachi 91, tikiti maji 91, chungwa 87. Ndizi mbivu iko nyuma, karibu 75.

Tofauti kubwa iko kwenye kula kwenyewe. Gramu 500 za tikiti, vipande viwili vinono, zinakupa karibu nusu lita ya maji na zinashuka zenyewe. Gramu 500 za saladi ni sinia zima. Taya zitachoka kabla hujafika katikati. Lakini tikiti hilo limebeba sukari gramu 30 hivi, saladi chache mno.

Tikiti zima hukaa siku kadhaa bila friji. Saladi hunyauka upesi kwenye joto, na huoshwa jani kwa jani.

Mwenye kisukari aegemee majani. Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze spinachi ghafla bila kumwuliza daktari, maana ina vitamini K nyingi, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Anayeshinda juani shambani, mimi ningempa tikiti.