Bawasiri au kansa ya njia ya haja kubwa, utajuaje?

Jamani hili watu wanaona aibu kulisema ndo maana wengi wanachelewa. Ukiona damu chooni kila mtu anakwambia bawasiri hiyo, paka dawa, na mara nyingi ni kweli, ila kansa nayo inaanza hivohivo: damu, muwasho, maumivu, kiuvimbe.

Bawasiri ya ndani mara nyingi haiumi, damu ni nyekundu mbichi inadondoka ukimaliza haja, kinyama kinatoka na kurudi, laini. Ile ya nje ikigandisha damu inauma ghafla, ila baada ya wiki moja mbili inatulia.

Kansa haitulii. Uvimbe ni mgumu, unakua taratibu, au ni kidonda hakifungi, unatoka ute, choo kinakuwa chembamba, na wengine wanavimba mitoki kwenye kinena. Hapo usibishane na mtu, nenda hospitali, hasa kama una VVU, unavuta sigara au umeshawahi kuwa na kansa ya shingo ya kizazi, maana kansa nyingi za njia ya haja kubwa zinaletwa na kirusi cha HPV.

Daktari anaingiza kidole chenye glavu na mafuta, dakika haiishi, kisha anaangalia kwa kibomba kidogo chenye taa. Bawasiri mara nyingi inajulikana hapohapo. Kansa lazima wakate kinyama kikapimwe maabara, macho peke yake hayatoshi, kwa hiyo ukipewa dawa ya bawasiri na wiki kadhaa zikapita hujapona, rudi uombe kipimo hicho.